Je, filme hii inafaa kwa vijana wetu?
Mazungumzo juu ya filme ya mchezo iitwayo "Invictus"

(Maneno haya yalisemwa redioni katika kipindi cha amani. Yameandikwa hapa ili yasomwe na kuzungumzwa katika familia na vikundi.)

  

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengine wataona ni dogo: filme ambazo vijana wetu wanaangalia. Mahali penye watu wengi waliokimbia vita, nyumba ya video haikosekani. Ni chumba cha mbao na turubai, jenereta inanguruma nyuma, na mlangoni kijana analipa franka kidogo. Shule imefungwa, shamba limebaki kule tulikotoka, kazi hakuna. Basi mtoto wa miaka 14 anashinda mle ndani tangu asubuhi hata jioni. Anaangalia nini? Mara nyingi ni bunduki na kisasi.

Kwa sababu hiyo wengi wanaofanya kazi ya amani hutafuta filme za namna nyingine, na mara nyingi huchagua filme ya mchezo, yenye timu, kocha, ushindi, na watu waliochukiana wakifunga bao pamoja. Wanasema: hii ni nzuri, tuwaonyeshe vijana wote, wa upande huu na wa upande ule. Wazazi nao wanauliza: je, inafaa kweli?

Ulizo hilo ni la haki, na halijibiwi kwa neno moja. Ili tusizungumze hewani, tutachukua filme moja inayojulikana, "Invictus", tuipime pamoja. Mzazi au chefu akijua namna ya kupima hii, ataweza kupima nyingine yoyote.

FILME INASEMA NINI

"Invictus" ilitoka mwaka 2009. Iliongozwa na Clint Eastwood, Mmarekani. Morgan Freeman anaigiza Mzee Nelson Mandela, na Matt Damon anaigiza Francois Pienaar, kapiteni wa timu ya rugby ya Afrika ya Kusini. Filme inachukua saa mbili na karibu robo.

Rugby si mchezo wetu, basi nieleze kidogo. Kila timu ina watu 15. Mpira una umbo la yai, unabebwa kwa mikono, na mchezaji anaruhusiwa kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini.

Mambo yenyewe yalitokea kweli. Mandela alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, baada ya miaka 27. Mwaka 1994 alichaguliwa kuwa rais. Inchi ilikuwa imetoka katika apartheid, utawala uliowatenga watu weusi kwa sheria. Timu ya rugby, Springboks, ilikuwa kama bendera ya weupe, na weusi wengi walikuwa wakishangilia timu yoyote iliyocheza nayo. Mwaka 1995 Kombe la Dunia la rugby lilichezwa katika inchi yao. Mandela aliamua kuisimamia timu ile. Tarehe 24 Juni 1995, katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, Afrika ya Kusini iliishinda New Zealand 15 kwa 12 baada ya muda wa nyongeza. Mandela alimkabidhi Pienaar kombe, naye mwenyewe amevaa jezi namba 6, namba ya Pienaar.

Sasa tupime.

ULIZO LA KWANZA: ALAMA YA UMRI INASEMA NINI?

Juu ya filme nyingi kuna alama. Wamarekani waliipa "Invictus" alama PG-13, maana yake wazazi waangalie kwa makini kama mtoto hajafika miaka 13. Sababu waliyoandika ni maneno machafu machache. Kwenye televisheni ya Ufaransa mnaona namba 10, 12, 16 au 18 kwenye pembe ya kioo. Alama hizi zinasaidia, tusizidharau. Mwenye nyumba ya video anayewaingiza watoto wa miaka 10 kwenye filme yenye namba 18 anafanya kosa, na chefu ana haki ya kumwita.

Lakini alama inahesabu matusi, damu na mambo ya ngono. Aliyeiweka alimfikiria mtoto anayelala kwenye kitanda chake, ambaye baba yake yuko sebuleni. Hakumfikiria mtoto aliyetembea siku nne porini, au aliyeona nyumba yao ikiungua. Kwa hiyo alama inatupa mwanzo tu. Kazi inayobaki ni yetu sisi tunaomjua mtoto.

ULIZO LA PILI: MACHO NA MASIKIO YATAKUTANA NA NINI?

Katika "Invictus" damu ni kidogo sana. Hakuna uchi. Matusi ni machache. Wachezaji wanakunywa bia baada ya kushindwa, na mambo hayo mzazi anaweza kuyaeleza kwa maneno mawili.

Ila kuna sehemu tatu ambazo kwa mtoto mwingine ni kitu kidogo, na kwa mtoto wetu zinaweza kuwa nzito. Karibu na mwanzo kuna picha za habari zinazoonyesha fujo na mapigano mitaani. Tena Mandela anatembea alfajiri pamoja na walinzi wake, na gari linakuja mbio kuelekea kwao. Mtazamaji anafikiri ni wauaji, kumbe gari linaleta magazeti. Na siku ya mechi ya mwisho, ndege kubwa inashuka chini sana juu ya uwanja uliojaa watu. Ndege ile ilipita kweli siku ile, na chini ya mabawa ilikuwa imeandikwa maneno ya kuitakia timu heri. Lakini filme inaionyesha kwanza kama hatari, ili mtazamaji ashike moyo.

Mtoto aliyesikia mabomu hatashika moyo tu. Anaweza kutetemeka, kukimbia, au kukaa kimya siku mbili. Dawa yake ni rahisi: mwambieni mapema. "Kutakuwa na gari linalokimbia, si la wauaji. Kutakuwa na ndege, haitaangusha kitu." Mtamu wa filme utapungua kidogo, na usingizi wa mtoto utabaki.

Kuna jambo jingine. Mahali pengi filme inaangaliwa pamoja na mtu anayeifasiri kwa sauti. Mfasiri huyo anaweza kuongeza matusi yake, au kulipa kila kundi jina la kabila fulani ili watu wacheke. Filme ya amani inageuka kuwa filme ya dharau, na mwandishi wake hana kosa. Basi mpimeni mfasiri pia, na mwelewane naye kabla.

ULIZO LA TATU: INAFUNDISHA NINI KILICHO CHEMA?

Hapa filme hii ina utajiri. Naomba mkumbuke mambo matatu.

Filme inaanza na barabara. Upande mmoja vijana weupe wanacheza rugby kwenye majani mazuri. Upande mwingine watoto weusi wanacheza mpira wa miguu kwenye vumbi. Msafara wa Mandela unapita katikati. Weusi wanashangilia, kocha wa weupe anawaambia vijana wake kwamba leo inchi imeharibika. Kwa dakika moja kijana anaelewa kwamba habari moja inaweza kuwa furaha hapa na hofu pale. Baadaye tunaingia nyumbani kwa Pienaar, tunamsikia baba yake akinung'unika kwamba weusi watawachukulia kila kitu. Wale waliokuwa na nguvu, nao walikuwa na hofu. Hatusemi kwamba hofu yao iliwapa haki. Tunasema kwamba asiyejua hofu ya jirani yake hawezi kufanya naye amani.

La pili ni mtoto na jezi. Katika mtaa wa masikini, mama mmoja anayegawa nguo za msaada anampa mtoto mweusi jezi ya Springboks. Mtoto anaikataa, anakimbia. Akiivaa, wenzake watampiga. Ninyi mlio kambini mnaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Nguo, lugha, hata namna ya kusalimia, vinaweza kumtia mtoto hatarini. Waulizeni vijana wenu: kwetu jezi hiyo ni nini?

La tatu ni kikao cha baraza la michezo. Wajumbe wanapiga kura kufuta jina na rangi za Springboks, maana ni alama za wakandamizaji. Mandela anafika na kuwaomba wasifanye hivyo: tukiwanyang'anya kile wanachokipenda, tutathibitisha kile walichotuhofia. Wengi wanakasirika, na anakubaliwa kwa shida. Wazee wangu, sehemu hii ni yenu. Kiongozi anawapinga watu wake mwenyewe, mbele ya uso wao, kwa ajili ya kesho yao. Ni rahisi kuwagombeza wa upande mwingine. Kuwaambia watu wako "hapana" ndiyo kazi.

ULIZO LA NNE: NANI ANAOMBWA ABEBE MZIGO?

Hapa ninaomba msikilize vizuri, kwa sababu ulizo hili watu husahau kuliuliza.

Katika filme, Mandela amesamehe. Walinzi wake weusi wanaambiwa wafanye kazi pamoja na walinzi weupe, watu wa polisi ya zamani, na wanatii. Weusi wanaombwa waipende timu ya waliowatesa, na wanaipenda. Je, waliotesa wanaombwa nini? Kushinda mechi, kwenda mtaani kuwafundisha watoto mchezo, kutembelea gereza la Robben Island na kutazama chumba alimofungwa Mandela. Hayo ni mema. Lakini hakuna hata mmoja katika filme anayeulizwa: ulifanya nini, kwa nani, na utarudisha nini?

Kijana aliyepoteza baba yake akiangalia hivi, anaweza kutoka na wazo hili: "Wananitaka ninyamaze. Wananitaka nipige makofi." Au mkubwa akamwambia: "Umeona Mandela? Miaka 27, na amesamehe. Wewe kwa nini una chuki?" Ndugu zangu, maneno hayo ni jeraha la pili. Msitumie filme kumpiga mtoto aliyeumia.

Mimi nimesoma sheria, basi niwatenganishie mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna msamaha wa moyo: huo ni mali ya aliyekosewa, hakuna chefu wala padri wala redio inayoweza kuutoa kwa niaba yake au kumlazimisha. Kuna amnestia: huo ni uamuzi wa serikali kwa sheria, nao una mipaka. Sheria ya amnestia ya inchi yetu ya tarehe 11 Februari 2014, kwa mfano, haiwafuniki wenye mauaji ya kimbari, jinai dhidi ya utu, jinai za vita wala ubakaji. Na kuna kuishi pamoja bila kuuana: sokoni, kisimani, shuleni, uwanjani. Hilo la tatu tunaweza kuliomba kwa kila mtu, hata kwa kijana ambaye moyo wake haujasamehe. Anaweza kucheza katika timu moja na mtoto wa upande ule, na bado akingoja haki kwa ajili ya baba yake. Mambo hayo mawili hayagombani.

Na watu wa Afrika ya Kusini walijua hivyo. Katika mwaka uleule wa kombe, 1995, bunge lao lilipitisha sheria ya kuunda Tume ya Ukweli na Upatanisho. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliiongoza. Tangu 1996 tume ilikaa mji hadi mji kusikiliza. Zaidi ya watu 20,000 walitoa ushuhuda wa mateso yao. Wenye makosa walioomba amnestia walikuwa zaidi ya 7,000. Ilibidi waseme ukweli wote, na wengi sana walikataliwa. Hata fidia ilichelewa: mwaka 2003 serikali iliamua kulipa randi 30,000 kwa kila aliyetambuliwa na tume, na wengi waliona haitoshi. Filme inaishia kwenye kombe, na kazi ya tume na fidia vilikuja baada yake. Mechi iliwapa watu siku moja ya furaha wakiwa pamoja, na siku hiyo ilikuwa na thamani. Haikufuta hesabu.

ULIZO LA TANO: NI NINI KIMEACHWA?

Kila filme inakata na kushona. Katika "Invictus" Mandela anampa Pienaar shairi la Mwingereza William Ernest Henley, ndilo lililoipa filme jina. Kwa kweli karatasi aliyompa ilikuwa na maneno ya hotuba ya Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani. Hilo ni kosa dogo, lakini linafaa kuwaambia vijana ili wajue kwamba filme si ushahidi.

Kubwa zaidi ni hili: katika timu iliyocheza mechi ile ya mwisho, mmoja tu hakuwa mweupe, Chester Williams. Filme inamwonyesha watoto wakimshangilia. Miaka baadaye, katika kitabu cha maisha yake, alisema kwamba baadhi ya wenzake wa timu walimwita majina ya dharau ya rangi. Hilo filme haikulionyesha. Ilichukua hadi 2018 Springboks kumpata kapiteni wa kwanza mweusi, Siya Kolisi, aliyeinua Kombe la Dunia mwaka 2019 na tena 2023. Kutoka jezi ya Mandela hadi kombe la kwanza la Kolisi ni miaka 24. Vijana wajue hesabu hiyo, wasidhani kwamba amani ni kazi ya dakika 80 za mchezo.

Tena, wasichana wako wapi? Filme hii ni ya wanaume. Wanawake ni wachache: katibu wa rais, mke, binti, mfanyakazi wa nyumbani. Binti wa Mandela hakubaliani na baba yake. Wasichana wetu, walioumia sana katika vita hivi, watajitafuta na hawatajiona. Wapeni nafasi ya kusema hivyo.

SASA TUFANYEJE?

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, zinasema mtoto ni kila mtu asiyefika miaka 18. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto ya 1989, ambayo inchi yetu iliyathibitisha mwaka 1990 ikiitwa Zaire, yanampa haki ya kucheza na kupumzika, haki ya kupata habari na kukingwa na zinazomdhuru, na haki ya kusema maoni yake asikilizwe. Basi kufunga mlango wa video kwa kila kitu si kumlinda mtoto. Kumwacha aangalie chochote, hiyo nayo si haki.

Jibu langu juu ya "Invictus" ni hili. Kwa vijana wa miaka 13 na zaidi inafaa, ikiwa masharti yafuatayo yatatimizwa. Kwa wadogo zaidi, mzazi wake mwenyewe akae naye.

1. Watu wazima wawili au watatu, mmoja wao mama, waiangalie filme kwanza hadi mwisho. Asiyeiangalia asiipitishe wala asiikataze.

2. Waambieni vijana mapema kuna nini ndani: fujo, gari, ndege.

3. Mlango ubaki wazi. Anayetaka kutoka atoke, asiulizwe kwa nini mbele ya watu. Mkubwa mmoja awe nje kumpokea.

4. Muonyeshe mchana, watu wasizidi hamsini, na simamisheni katikati ili watu wapumue.

5. Mkimaliza, zungumzeni angalau nusu saa. Kama hakuna nafasi ya kuzungumza, afadhali msionyeshe.

6. Msimlazimishe mtu yeyote kumpa mwingine mkono, kukumbatiana, au kusema "nimesamehe". Hasa mbele ya kamera.

7. Kesho yake pelekeni mpira uwanjani, na timu zichanganywe. Filme bila mpira wa kesho ni maneno tu.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA VIKUNDI

- Ni nani katika filme alibadilika kwa shida zaidi? Kwa nini?
- Walinzi wa pande mbili walianza kuaminiana wakati gani?
- Kwetu, ni alama gani ambayo kundi moja linaipenda na jingine linaiogopa?
- Waliokosewa waliombwa nini? Waliokosea waliombwa nini? Mizani iko sawa?
- Kama wewe ungekuwa Chester Williams, ungeongeza nini katika filme hii?

Baba na mama, machefu wetu, mtoto hataacha kuangalia filme kwa sababu tumemkemea. Lakini akituona tumekaa naye kwenye benchi moja, tunaangalia anachoangalia, na mwishoni tunamuuliza yeye kwanza ameonaje, atajua kwamba hata katika ukimbizi bado ana wakubwa wake. Kama kuna filme nyingine mnayotaka tuipime pamoja, peni jina lake kwa msimamizi wa kikundi chenu, nasi tutaizungumzia hapa.